Namna ya Kupima Vyanzo vya Mti wa Ukoo Uliokutwa Mtandaoni

Mtu anayeandika jina la babu yake katika tovuti za nasaba anaweza kukuta kwamba kazi imekwisha kufanywa: babu yupo, baba wa babu yupo juu yake, na mstari unazidi kupanda vizazi kumi au kumi na viwili mpaka kwa sultani wa Kilwa, kwa mhamiaji wa Omani, au kwa chifu wa kwanza wa ukoo. Furaha ya kukuta jambo hilo haina ubaya, lakini kabla ya kuuchapa mti huo na kuwagawia ndugu arusini au kwenye mkutano wa ukoo, ni lazima upimwe. Kinachoonekana kwenye skrini ni dai la mtu fulani, na nguvu ya dai hilo haiwezi kuzidi nguvu ya ushahidi uliolizaa. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza, ambako maparokia yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Huu umeandikwa kwa ajili yetu, ambao ushahidi wetu umetawanyika kati ya madaftari ya misheni, hati za kadhi, mafaili ya wakoloni na vinywa vya wazee.

Hatua ya kwanza: Tambua mti ni wa aina gani na nani ameuandika

Tovuti za nasaba hufuata mojawapo ya taratibu mbili. FamilySearch, ambayo ni ya bure na huendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, pamoja na Geni na WikiTree, zina mti mmoja wa wote, ambamo kila marehemu anatakiwa kuwa na ukurasa mmoja tu na watumiaji mbalimbali huurekebisha. Ancestry na MyHeritage humpa kila mtumiaji mti wake mwenyewe, kisha humwonyesha miti ya wengine inayofanana na wake na kumwezesha kunakili jina pamoja na wazazi wake kwa kubofya mara chache.

Katika mti wa wote, anza na historia ya mabadiliko, ambayo huonyesha nani aliongeza mzazi, lini, na kwa sababu gani. Mara nyingi mahali pa sababu huwa patupu, na hilo peke yake ni taarifa. Katika miti binafsi, hatari kubwa ni kunakiliana. Ukikuta miti 15 inayosema jambo moja, usihesabu mashahidi 15 mpaka uwe umetazama makosa yao: ikiwa yote imeandika jina la kijiji kwa tahajia ileile isiyo ya kawaida, au yote imemsahau mtoto yuleyule, basi shahidi ni mmoja na wengine wamemnakili. Ukikuta pia kwamba kilichotajwa kuwa chanzo ni faili la GEDCOM, elewa kwamba hilo ni aina ya faili linalotumika kuhamisha mti kutoka programu moja hadi nyingine, na halisemi lolote kuhusu mahali jina lilipotoka. Mwandikie mwenye mti na umuulize kwa adabu. Wengi hujibu, na baadhi yao wana daftari la mzee ambalo hawakuwahi kulipiga picha.

Hatua ya pili: Pima kiungo kimoja kimoja

Mti hauthibitiki wala kukataliwa kwa mkupuo. Kinachopimwa ni kila kiungo cha mtoto na mzazi peke yake, kuanzia kwa wale walio karibu nawe, kwa sababu kiungo kimoja kikivunjika, majina yote yaliyo juu yake yanakuwa ya ukoo wa watu wengine hata kama yenyewe ni sahihi.

Hati inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isithibitishe kile kinachodaiwa. Tuseme ukurasa wa Juma bin Salum una hati ya ajira ya Tanga ya mwaka 1934. Hati hiyo inathibitisha kwamba mtu wa jina hilo alikuwa Tanga mwaka huo, na kwamba baba yake aliitwa Salum. Haithibitishi kwamba Salum huyo ndiye Salum bin Mbwana wa Pangani aliyewekwa juu yake mtini, na hapo ndipo miti mingi ya pwani inapoanguka, kwa kuwa majina ya Juma, Ali, Salum na Hamisi yalikuwa katika kila mtaa na jina la babu hurudi kwa mjukuu. Hamad bin Ali bin Hamad bin Ali anaweza kuwa watu wawili walioacha miaka 60 kati yao. Kwa Wakikuyu, ambao kwa desturi humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, binamu kadhaa wa rika moja huweza kuwa na jina moja. Kwa hiyo usiridhike na jina na jina la baba. Tafuta jambo la tatu linalomtenganisha mtu huyo na wenzake, kama vile shamba, mke, kazi, mtaa, au ndugu aliyetajwa pamoja naye.

Hatua ya tatu: Ufungue waraka wenyewe

Tovuti nyingi huonyesha kwanza faharasa, yaani orodha iliyotayarishwa na mtu au mashine baada ya kusoma waraka. Faharasa ni ya kukuongoza mlangoni. Ushahidi umo katika picha ya waraka. Ifungue picha, usome mstari wote, kisha usome na mistari iliyo juu na chini yake, kwa kuwa ndugu na majirani huandikwa karibu karibu.

Jihadhari na mwandiko na lugha. Madaftari ya misheni za Kikatoliki yaliandikwa sana kwa Kilatini. Wajerumani, waliotawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya Kwanza, waliandika Udjidji mahali pa Ujiji na Kiwindje mahali pa Kivinje, kwa hiyo Juma wako anaweza kuwa amejificha chini ya Djuma. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi moja ya be mara nyingi ilibeba sauti za b, p na hata mb, na msomaji wa leo asiyeujua mji wenyewe atachagua sauti isiyo sahihi. Ukiona jina geni kabisa katika mstari wa nasaba yako, kabla hujalitafutia asili ya mbali, jaribu kulitamka kama karani wa zama zile angelilisikia.

Hatua ya nne: Uliza nani alisema, na alijuaje

Waraka mmoja hubeba taarifa za nguvu tofauti. Cheti cha kifo kinaweza kuwa shahidi mzuri wa siku ya kifo, kwa sababu mtoa taarifa alikuwapo, lakini majina ya wazazi wa marehemu yaliyomo humo yametoka kwa mtoto au jirani ambaye pengine hakuwahi kuwaona wazazi hao. Daftari la ubatizo linathibitisha siku ya ubatizo; umri wa mtu mzima aliyebatizwa ni makisio ya kasisi. Nchini Kenya, usajili wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ulianza Nairobi na Nyeri mwaka 1963 na ukaenea nchi nzima kufikia 1971. Tanganyika nako, katika ukoloni, usajili huo haukuwa wa lazima kwa Waafrika walio wengi. Kwa hiyo ukipata cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka ya 1930, tazama tarehe ya kusajiliwa: huenda kilitolewa miaka 40 baadaye kwa hati ya kiapo, ili apate pasipoti au pensheni. Tarehe ya 1 Januari, au mwaka unaoishia na sifuri au tano, ni dalili ya kawaida ya makadirio.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kifo chake mjini Zanzibar kinajulikana kuwa kilitokea Juni 1905. Pamoja na hayo, vitabu vingine vinaweka kuzaliwa kwake mwaka 1832 na vingine 1837, kwa kuwa yote mawili ni makadirio. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu aliyejulikana kutoka Unguja hadi Manyema, basi mti unaompa mkulima wa bara siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa katika miaka ya 1840 unapaswa kukuonyesha karatasi iliyotaja siku hiyo.

Uangalifu wa pekee unahitajika kwa wale waliokombolewa utumwani. Katika kituo cha mapadre wa Roho Mtakatifu cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1868, na katika makazi ya Freretown karibu na Mombasa, yaliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS mwaka 1875, walipokelewa watoto waliotenganishwa na wazazi wao, wakapewa majina mapya ya Kikristo. Mti unaowapa watoto hao baba na babu wenye majina kamili unadai jambo zito sana, na unatakiwa uonyeshe bila kuzungukazunguka majina hayo yalipatikana wapi.

Hatua ya tano: Tafuta sababu ya kuandikwa kwake

Hakuna nasaba inayoandikwa bure. Mtu huandika kwa ajili ya mirathi, ardhi, cheo, ndoa, heshima au kumbukumbu, na kila sababu huuvuta ukweli upande wake. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote.

Zipo sababu zinazoimarisha ushahidi. Hati ya mirathi iliyoandikwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu hulazimika kutaja warithi wote, wakiwamo wake na mabinti ambao nasaba za kawaida huwasahau, kwa kuwa kila mmoja ana fungu lake: mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Orodha ya namna hiyo, iliyosomwa mbele ya kadhi na mbele ya watu waliokuwa na kila sababu ya kupinga jina la uongo, ina uzito kuliko kurasa nyingi za sifa. Hati ya wakfu wa familia ni hivyo hivyo, kwa sababu hutaja wanufaika kwa vizazi. Kwa Unguja na Pemba, Nyaraka za Taifa za Zanzibar na Kamisheni ya Wakfu ni mahali pa kuuliza kabla ya kuamini mti wowote. Hata hapo, kumbuka kwamba mrithi anaweza kuachwa kwa makusudi. Kutotajwa kwake hakumaanishi kwamba hakuzaliwa.

Zipo pia sababu zinazopotosha. Serikali ya Uingereza ilipoanza kutawala Tanganyika kupitia machifu katika miaka ya 1920, maofisa wa wilaya waliandika nasaba za watawala katika vitabu vya wilaya, na nyumba zilizokuwa zikigombea kiti zilijua vyema kwamba mstari ulioandikwa ungeweza kuamua nani atambuliwe. Zanzibar nako, idadi ya watu waliojiita Waswahili katika sensa ilishuka sana kati ya mwaka 1924 na 1931, na katika Vita vya Pili vya Dunia mgawo wa chakula ulifuata asili ambayo mtu ameandikishwa. Watu walewale, kwa haki yao, walijieleza kwa namna tofauti kadiri hali ilivyobadilika. Waraka unaomwita babu yako Mshirazi au Mwarabu unakueleza alivyojitambulisha siku hiyo mbele ya karani, na hilo lina thamani yake, ila halithibitishi alikotoka babu wa babu yake.

Kuhusu Ushirazi wenyewe, yaani dai la kutoka Shirazi ya Uajemi, tarihi ya Kilwa, ambayo ni masimulizi ya kale ya watawala wake, imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa maelezo ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa mwaka 1552, na matoleo hayo mawili hayakubaliani katika mambo kadhaa ya msingi. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliona kwamba ukoo wa watawala wa Kishirazi wa Kilwa ulianza mwishoni mwa karne ya 12, wala si karne ya 10 kama ilivyosimuliwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba (DNA) vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na bara yake, ukaonyesha kwamba Waafrika na watu wa asili ya Uajemi walianza kuchanganyika yapata mwaka 1000, upande wa kike ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Kwa hiyo wazee hawakuwa wakizua walipozungumzia Uajemi. Hata hivyo, kuchanganyika kwa watu wa pwani ni jambo moja, na mstari wa majina kutoka kwako hadi kwa mtu fulani wa Shirazi ni jambo jingine, nalo linataka ushahidi wake.

Hatari ya nasaba za kununua si ya kwetu peke yetu. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi New York, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba alizozitunga kwa kuchanganya hati za kweli na za uongo. Alifariki mwaka 1942, na kazi zake bado zinanakiliwa katika miti ya leo.

Upande wa kike unastahili swali lake. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na alirithi, kwa hiyo mstari wa bin na bin humwonyesha baba na kumficha mama. Warithi wa Sayyid Said bin Sultan walizaliwa na masuria, na bado si kila mti unaowataja unatuambia mama zao walitoka wapi. Nafasi tupu ya mama mtini ichukuliwe kama kazi inayosubiri kufanywa, wala isijazwe kwa kubahatisha ili kulinda heshima.

Hatua ya sita: Piga hesabu

Hesabu ndogo huangusha miti mikubwa. Angalia kama mama alizaa akiwa na miaka tisa au sitini, kama mtoto alizaliwa miaka miwili baada ya baba kufariki, na kama ndugu wawili wa tumbo moja wamepishana kwa miezi minne. Kisha hesabu vizazi. Ukikadiria miaka 30 kwa kizazi, majina 12 kutoka kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1950 yanakufikisha karibu na mwaka 1600. Mti unaodai kwamba majina hayo hayo 12 yanafika karne ya 10 umeruka majina zaidi ya 20, na hakuna anayejua yalikuwa ya nani.

Tarehe za Hijria zibadilishwe kwa uangalifu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo mtu aliyeishi miaka 66 ya Hijria aliishi kama miaka 64 ya kalenda ya kawaida, na mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882 na kumalizika mwaka 1883. Ukiona mtini mwaka 1300 umeachwa kama ulivyo, kana kwamba mtu alizaliwa zama za kati, umepata kosa la kunakili. Wazee wengi huhesabu kwa matukio, kama vile Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 au njaa ya Mtunya ya Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na makadirio ya namna hiyo mara nyingi ni bora kuliko tarehe kamili isiyo na chanzo. Yaandike kama yalivyo: alizaliwa kabla ya Majimaji.

Hatua ya saba: Yape masimulizi isnadi yake

Baadhi ya watafiti hudharau masimulizi ya mdomo, na miti mingine huyaandika kama ukweli mtupu usio na msemaji. Njia zote mbili zinapoteza. Waliosoma madrasa wanajua kwamba hadithi hupimwa kwa maneno yake na pia kwa isnadi, yaani mfululizo wa waliopokezana, na nasaba ya mdomo inastahili utaratibu huo huo: nani amesimulia, siku gani, mahali gani, yeye aliisikia kwa nani, na huyo naye alimjua mtajwa au alisikia tu. Masimulizi ya bibi aliyelelewa na mama yake mkubwa, akitaja watu aliokula nao, ni ushahidi wa karibu sana. Masimulizi ya mjukuu kuhusu mtu wa vizazi sita nyuma ni habari iliyopita mikono mingi.

FamilySearch imekusanya nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika, na ukikuta mti uliotokana na kazi hiyo, tafuta mahojiano yenyewe ili ujue nani alihojiwa. Wewe unapohoji, uliza kwa uwazi nani alimzaa nani, kwa sababu baba mkubwa na baba mdogo huitwa baba, na mama mdogo huitwa mama. Mti ulioandikwa na mtu wa mbali huweza kumfanya ami kuwa mzazi. Wahoji watu wa milango tofauti ya ukoo wakiwa mbalimbali, si katika kikao kimoja ambamo mkubwa akisema wengine huitikia. Nenda kwa akina mama na mashangazi, ambao hukumbuka nani alinyonya pamoja na nani, na ndoa ipi ilivunjika. Milango miwili isiyoelewana kuhusu shamba ikikubaliana kuhusu jina la babu, umepata ushahidi mzuri.

Hatua ya nane: Tumia vinasaba pale vinapofaa

Kipimo cha vinasaba husaidia kwa ndugu wa karibu. Binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa asilimia 12.5, binamu wa pili kama asilimia 3, na baadhi ya binamu wa tatu hawaonyeshi mfanano wowote ingawa undugu wao ni wa kweli. Asilimia za asili ya kabila au nchi ambazo kampuni hutoa hutegemea watu waliokwisha kupimwa, na Waafrika waliopimwa ni wachache, kwa hiyo zisitumike kuthibitisha jina lolote mtini.

Hatua ya tisa: Andika hukumu yako

Kwa kila kiungo, andika aya fupi inayosema ushahidi uliopo, unaopingana nao, na uamuzi wako: kimethibitika, kinaelekea kuwa kweli, au ni dai lisilo na chanzo. Taja waraka kwa namna ambayo mwingine anaweza kuufikia, yaani mahali ulipohifadhiwa, jina la daftari, ukurasa na mwaka. Ushahidi ukipingana, usichague upande unaopendeza. Eleza kwa nini shahidi mmoja alikuwa na nafasi nzuri ya kujua kuliko mwingine.

Katika mti wa wote, kabla ya kuondoa mzazi asiye na ushahidi, mwandikie aliyemweka na umpe muda wa kujibu, kisha uandike sababu kwenye historia ya mabadiliko ili kosa lisirudishwe na mtu atakayekuja baadaye. Kiungo ulichokishuku kihifadhi katika maelezo ya ukurasa kama dai linalochunguzwa, pamoja na jina la aliyelitoa ikiwa ameridhia. Majina na tarehe za walio hai usiyaweke wazi kamwe, hata kama tovuti inaruhusu, na kabla ya kutangaza jambo linalohusu utumwa, kuzaliwa nje ya ndoa au mirathi, zungumza kwanza na wazee wa mlango unaohusika, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa mtaani.